Mgeni wa Kaskazi

Kichaka cha nyuma ya kisima kina mgeni. Amefika juzi au majuzi, usiku, bila kupiga hodi, na hakuna aliyemwona akitua. Mimi nimemtambua kwa sauti. Nilikwenda kuchota maji ya kutawadha, alfajiri, bado kiza, nikasikia ndani ya mikwamba kitu kinakoroma kama chura: krrr, krrr. Kisha firimbi moja nyembamba, hiit. Kisha kimya. Nikasimama na ndoo mkononi. Baada ya muda kikaanza kitu ambacho si kelele na wala si wimbo kamili. Vilikuwa vipande vya wimbo, vinatolewa kwa sauti ya chini, kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayepitia sura yake taratibu kabla hajaitwa mbele ya mwalimu wa chuoni.

Basi wajukuu zangu, songeni hapa mkekani niwaambie huyo ni nani. Na yule mwenye embe amalize kwanza, maana kisa hiki hakitaki mlio wa kufyonza.

Mkimwona mtasikitika. Mgongo wake ni wa kahawia, kama jani la mwembe lililokauka. Kifua ni kijivu chepesi, na mkia una wekundu wa kutu. Hana kishungi, hana shingo ya manjano, hana hata kidoti cha kujishaua. Dume na jike wamefanana. Kutoka mdomo hadi ncha ya mkia ni sentimita 16 au 17 tu, na uzito wake gramu 20 na kidogo: chota sukari vijiko vitano, vile vidogo vya chai, utakuwa umempata. Macho ni makubwa na meusi, kwa kuwa mambo yake mengi ni ya kizani. Anakaa chini, karibu na ardhi, akirukaruka juu ya majani makavu kutafuta sisimizi na mbawakawa. Ukisogea hatua moja, yeye ameshaingia ndani zaidi.

Jina lake? Waingereza walimpa jina lenye maana ya mwimbaji wa usiku. Waajemi na Waarabu humwita bulbuli, nami nitamwita hivyo, sababu yake mtaiona mbele. Ila msije mkamchanganya na shore. Wazungu wa vitabu vya ndege walilichukua neno hilohilo la bulbuli wakampachika shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayetutobolea mapapai kila siku na kupiga soga juu ya waya wa umeme. Shore ni mwenyeji, hana safari. Jina kakopeshwa tu, na mwenyewe hana habari.

Zamani miji ya pwani ilikuwa na saa moja kubwa, nayo ni upepo. Novemba ikiisha kaskazi huanza kuvuma, na nyuma yake majahazi na mabaghala kutoka Uarabuni, Ghuba na Uajemi, yamejaa tende na mazulia na chumvi. Mabaharia walishuka, wakauza, wakanunua boriti za mikoko na pembe na nafaka, wengine wakaoa kabisa. Kisha kusi ilipoanza, mwezi wa Aprili, wakatweka tanga wakarudi kwao. Bulbuli anafuata kalenda hiyohiyo. Huingia Novemba na Desemba, akakaa kwenye vichaka vya pwani, kutoka pande za Malindi kushuka mpaka Tanga, na Machi ikiisha na Aprili ikianza amekwenda zake. Majahazi yale yamepungua sana siku hizi. Yeye hajaacha. Na tangu aanze safari hizo hajalipa ushuru hata senti moja.

Huyu wa kwetu anatoka wapi? Bulbuli ni ukoo mpana. Wale wanaozaliana Uingereza, Ufaransa na Hispania, baridi ikikaribia huenda Afrika Magharibi, huko Senegali na jirani zake, na hatuna haja nao leo. Wetu ni wale wa upande wa mawio: milima ya Kaukazi, Iran, Uzbekistan, Kazakhstan, hadi mipaka ya Uchina. Hao ndio huvuka Uarabuni na pembe ya Afrika, wakaja kwetu.

Hapo ndipo kisa kinaponoga, kwa sababu kule Uajemi hakuna ndege aliyeimbwa na washairi kama huyu. Walimuoza na waridi. Waridi ndiye mpenzi mwenye kiburi, anachanua siku chache, ananukia, hajibu. Bulbuli ndiye aliyependa, naye analia usiku kucha mpaka kunapambazuka. Wawili hao wamechorwa kwenye vigae, kwenye majalada ya vitabu, kwenye visanduku vya kalamu, mpaka mtu ukimwona ndege mdogo wa kahawia kando ya ua huna haja ya kuuliza. Tena si uongo mtupu wa washairi. Bulbuli huanza kuimba huko Aprili, na Mei ndio mwezi ambao watu wa mji wa Kashan huchuma mawaridi yao kabla jua halijawa kali ili wapate maji ya waridi. Mnayajua maji hayo: ni yale bibi yenu anayowanyunyizia kwa mrashi siku ya maulidi, nanyi mnakimbia kana kwamba ni mvua ya mawe. Ndege anaimba, ua linachanua, wakati ni mmoja. Mtu mwenye mapenzi yake kifuani ataacha kuunganisha?

Mkubwa wa washairi hao wa bulbuli ni Hafidhi, aliyeishi katika mji wa Shiraz karne ya 14. Shiraz! Jina hilo hamlisikii leo kwa mara ya kwanza. Wapo watu wa pwani yetu wanaojiita Washirazi, na masimulizi ya Kilwa yanataja jamaa waliokuja kwa majahazi kutoka huko. Wanahistoria hawajamaliza kubishana juu ya kisa hicho, nami siingii kwenye ugomvi wao. Ninachosema ni kwamba kuhusu ndege hakuna ubishi. Mwaka 1873 mtaalamu mmoja wa Kirusi, Severtzov, aliwachunguza bulbuli wa Asia ya Kati, wenye mkia mrefu kidogo kuliko wenzao wa Ulaya, akawapa jina la Kilatini la hafizi, kwa heshima ya mshairi. Vitabu vya leo vimelibadilisha jina hilo, wataalamu wa majina hawatulii, lakini kwa miaka mingi liliandikwa hivyo. Na ni bulbuli hao hao wa hafizi ambao hupitisha msimu wao wa mapumziko kwenye vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki. Nyuma ya kisima chetu, basi.

Nalo tawi jingine, lile la Kaukazi na Iran, lina jina la kuchekesha zaidi. Mwaka 1884 Wajerumani wawili, Fischer na Reichenow, walimwandika kutokana na ndege aliyepatikana huku Afrika Mashariki. Wakamwita africana, wa Afrika. Ndege kaanguliwa ugenini, kalelewa ugenini, kitambulisho anabeba cha kwetu.

Kuna mshairi mwingine wa Kiajemi, Attar wa Nishapur, wa karne ya 12. Yeye alitunga kitabu kizima juu ya ndege wa dunia waliokusanyika ili wasafiri kumtafuta mfalme wao. Kiongozi wa msafara alikuwa hudihudi, yule aliyemletea Nabii Suleimani habari za Malkia wa Sabaa. Ndege mmoja mmoja akaanza kutoa udhuru. Bulbuli akasema yeye hataweza. Amezama katika mapenzi ya waridi, na safari ndefu namna hiyo haiwezi. Nilipohadithiwa kisa hiki mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa. Ndege wote wale, na wa kukataa safari awe huyu? Huyu ambaye waridi likishapukutika tu anaanza kufungasha?

Lakini tumwelewe Attar. Alichokiona kila mwaka ni ndege anayeimba, kisha siku moja kimya. Hata wenye elimu huko Ulaya waliamini kwa karne nyingi kwamba mbayuwayu hujizika kwenye matope ya maziwa mpaka baridi ipite. Nani angefikiri kwamba kitu cha gramu 20 kimekwenda kukaa kandokando ya shamba la muhogo, ng'ambo ya bahari?

Mwanaidi anauliza: mbona anaimba usiku, hana usingizi? Nitajibu, ila kwanza shikeni shingo zenu mseme aaa. Mnasikia mtetemo hapo kooni? Ndipo kilipo kisanduku chetu cha sauti, kimoja tu. Ndege hana chake hapo. Chake kiko chini, ndani ya kifua, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda pafu la kulia na pafu la kushoto, na kila upande una ngozi zake nyembamba za kutetema na misuli yake. Kwa hiyo ndege mwimbaji ni kama mtu aliyebeba nzumari mbili kwa pumzi moja. Anapuliza hii, anahamia ile, akitaka anazipuliza zote. Ndiyo maana bulbuli anaweza kutoka kwenye firimbi nyembamba akaanguka kwenye mkoromo mnene bila kutua, nawe ukaapa kwamba kichakani wako watatu.

Kila wimbo wake ni mfupi, kiasi cha sekunde tatu hivi. Ananyamaza kidogo, kisha anatoa mwingine usiofanana na ule wa kwanza. Kuna ule wa firimbi zinazopanda, tyuu, tyuu, tyuu, kila moja kali kuliko iliyopita. Huo watu wa huko huusubiri kama ninyi mnavyosubiri kiitikio. Dume mzima huwa na nyimbo 180, 200, na wapo wenye kupita hapo. Hesabuni ninyi kasida mlizohifadhi.

Wala hazaliwi nazo. Kinda la bulbuli huanguliwa katika kiota kilichofichwa chini au karibu na chini, ndani ya majani makavu, pamoja na ndugu zake watatu au wanne, na siku kumi na moja tu baadaye anatoka kiotani hata kuruka hajui vizuri. Madume wazima waliopo karibu wanaimba, yeye anasikiliza. Anahifadhi. Kisha itampasa ajaribu mwenyewe, akosee, arudie, mpaka kifua kitii kile ambacho sikio linakumbuka.

Sasa usiku, Mwanaidi. Wakati wa kuzaliana madume hutangulia kufika. Kila mmoja anashika kichaka chake. Majike wanakuja siku chache baadaye, nao husafiri usiku, wanapita juu kizani, hawaoni lolote huko chini. Dume asiye na mke atafanyaje? Ataimba usiku, wakati ndege wengine wamelala na sauti yake haina mshindani. Ni mtu aliyewasha taa barazani. Jike anashuka, anasikiliza, anakwenda kwa jirani, anasikiliza, anarudi. Akishakubali kukaa, dume huyo hupunguza sana kuimba usiku. Kwa hiyo yule anayeimba usiku kucha kwa huzuni, ambaye washairi walisema analilia waridi, mara nyingi ni kapera tu anayetafuta mchumba. Hafidhi asingeudhika, nadhani. Mambo ni yaleyale.

Hata mjini anaimba. Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, una bulbuli wengi kwenye bustani na kando ya njia za reli. Mwaka 2004 mtafiti Henrik Brumm alionyesha kwamba palipo na makelele ya magari ndege hao huimba kwa nguvu zaidi, na kwamba asubuhi za siku za kazi hupaza sauti kuliko asubuhi za mwisho wa wiki, barabara zinapotulia. Muuza samaki sokoni hafundishwi jambo hilo, na bulbuli naye hakufundishwa.

Haya, safari. Nani atamwonyesha njia? Baba na mama hawamshiki mkono. Kinda aliyeanguliwa Juni huondoka mwisho wa kiangazi cha huko akiwa hajawahi kuliona jangwa wala bahari, tena huruka usiku, peke yake. Anazo dira zake mwilini. Jua linapozama ni alama, nyota ni alama, na dunia yenyewe ni sumaku kubwa ambayo ndege anaihisi, kama ile sindano ya dira ya nahodha.

Hiyo ya sumaku nataka muisikie vizuri, kwa sababu ni ya ajabu. Bulbuli ana binamu, ndege wa kaskazini zaidi, anayezaliana Uswidi, Poland, Urusi hadi Siberia. Wamefanana sana, ila kifua cha huyu binamu kina mawingumawingu, na wekundu wa mkia umefifia. Watafiti wa Uswidi waliwakamata vijana wa binamu huyo, ambao walikuwa hawajasafiri hata mara moja. Wakawaweka ndani ya vibanda vilivyozungushiwa nyaya za umeme, na kwa nyaya hizo wakaibadilisha sumaku inayowazunguka hatua kwa hatua, mpaka ikawa kama ile ya kaskazini mwa Misri. Ndege hawakutoka Uswidi. Hewa ni ya Uswidi, chakula ni cha Uswidi. Lakini miili yao ilisoma sumaku ikasema: tumefika Misri, mbele yetu kuna jangwa la Sahara. Wakaanza kula! Wakanenepa kuliko wenzao waliobaki kwenye sumaku ya nyumbani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, na mpaka leo nikiyafikiria naacha ninachofanya.

Kwa nini wanenepe? Kwa sababu mafuta yaliyo chini ya ngozi ndiyo petroli yao, na jangwani hakuna kituo. Huko huko Uswidi, katika mji wa Lund, kuna chumba kirefu chenye feni kubwa inayovumisha upepo, ambamo ndege anaruka bila kwenda popote, kama mtu anayetembea juu ya mkanda unaorudi nyuma. Waliwekwa humo binamu wa bulbuli, nao wakaruka saa 12 bila kutua. Kutoka magharibi hadi alfajiri, fikirini, mabawa hayajasimama. Walipopimwa ilionekana wamechoma mafuta, na kidogo hata nyama ya mwili wao wenyewe.

Wengine wamefungwa mgongoni kifaa kidogo sana, uzito wa punje mbili tatu za mahindi, kinachoandika saa za jua kuchomoza na kuzama. Ndege akirudi mwaka ujao kinafunguliwa, na kwa saa hizo watu wanajua alikuwa wapi. Ilivyoonekana, binamu haji moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Anavuka Sahara, anatua ukanda wa Saheli mvua zake zikiwa zinaisha, na anakaa wiki kadhaa. Huko kukianza kukauka anasogea Ethiopia na Kenya, ambako mvua za vuli zimeshaleta majani na wadudu. Vuli nayo ikiisha anateremka Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe. Anafuata kijani kibichi kama mchungaji. Tofauti yake na mchungaji ni kwamba hakuna aliyempigia simu kumwambia wapi pamenyesha.

Na hapo Kenya pana mahali ambapo unaweza kuwaona. Ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, juu ya ukingo wa vilima vya Ngulia, ilijengwa hoteli ya watalii mwaka 1969. Waliweka taa kali nje, zimulike mahali pa maji, ili wageni wamtazame tembo na chui wakiwa wamekaa mezani. Hawakuwa na fikra ya ndege. Lakini ilipofika msimu wa vuli, katika usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka juu ya vilima, taa zile zikaanza kuvuta kitu kingine.

Jifanyeni mko juu huko. Umetoka Ethiopia jioni, nyota zimepotea ndani ya wingu, chini hakuna kitu, halafu ghafla ukungu wote umewaka mweupe kama maziwa. Unazunguka. Hujui juu ni wapi. Unashuka. Na wenzako wanashuka, mia, elfu, wadogo kwa wadogo, wanatua kwenye nyasi, kwenye vichaka, kwenye kuta, hata juu ya viti vya barazani. Wageni waliacha supu ipoe.

Wapenzi wawili wa ndege, Graeme Backhurst na David Pearson, waliona kwamba hiyo ni bahati isiyopatikana kwingine. Mwaka 1969 kazi ya kuwavisha ndege pete ilianza hapo, na imeendelea miaka nenda miaka rudi. Hutandazwa nyavu nyembamba ambazo ndege hazioni. Anatolewa taratibu, kichwa kikiwa katikati ya vidole viwili, anapimwa bawa na uzito, anavishwa mguuni pete nyepesi yenye namba, anaachiwa. Wengi kabisa wanaopatikana huko ni shoro wadogo wa vichakani na yule binamu mwenye kifua cha mawingu. Bulbuli wenyewe nao wamo, ila kwa uchache. Ndege waliovishwa pete za Ngulia wamepatikana baadaye Uarabuni na Urusi. Mtu anaokota ndege bustanini kwake, mbali huko, anasoma kijipete: Nairobi.

Sasa turudi kichakani kwetu, maana huyu mwenyewe hatujamaliza naye.

Anafanya nini hapa miezi minne? Hajengi kiota. Hatagi. Hana mke wa kumwimbia, wala waridi. Tuna mikwamba na mikunazi na ule mti wa miiba usio na faida ambao babu yenu anakataa kuukata. Anakula, anajificha mwewe asimwone, ananenepa. Lakini anaimba! Binamu anapopita Novemba na Desemba huimba kwa sauti kubwa vichakani, hata mchana. Bulbuli wetu mara nyingi ni yule niliyemsikia mimi: sauti ya chini, vipande, anaanza, anakatiza, anarudi mwanzo.

Nina fikra yangu juu ya jambo hili. Watafiti wa Ujerumani waliwarekodi madume walewale miaka miwili mfululizo, msimu wao wa kwanza wa kuzaliana na wa pili. Mwaka wa pili nyimbo zilikuwa nyingi zaidi kuliko za mwaka wa kwanza, na baadhi ya zile za kwanza zilikuwa zimetupwa kabisa. Basi mwanafunzi alitoka Mei na nyimbo kadhaa, akarudi Aprili na nyimbo nyingine juu yake. Katikati alikuwa wapi? Afrika. Hao wa Ujerumani walikuwa Afrika Magharibi, sawa, lakini wa Iran na Kazakhstan walikuwa hapa. Simsemei ndege, hakuniambia. Ila nikimsikia alfajiri akinong'ona na kujisahihisha, mimi naona ule wimbo uliomliza Hafidhi unafanyiwa mazoezi nyuma ya kisima chetu, na hakuna mshairi hata mmoja wa kule aliyejua.

Ndiyo maana juzi nilimzuia mjomba wenu na panga lake. Alitaka kufyeka kichaka chote kiwe safi, akasema kinaficha nyoka. Kinaficha, ndiyo. Lakini bulbuli hakai kwenye uwanja uliofagiwa. Uingereza, ambako bado wanamlilia kwenye redio na magazetini, bulbuli wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka hamsini. Moja ya sababu ni kwamba vichaka vya chini vilikonda, vingine vikaliwa na paa waliozidi. Kwetu vichaka vinakwenda na mkaa na viwanja vya kupima. Tumekubaliana na mjomba: atafyeka upande wa njia, upande wa bonde atauacha. Nyoka wajue wenyewe.

Mkitaka kumsikia, njooni kesho kabla ya adhana, bila viatu, bila tochi. Kaeni chini, hapo kwenye gogo. Msiseme. Mara ya kwanza mtasikia mbu tu. Mtakaposikia krrr kama chura, msicheke.

Na msichelewe sana mkidhani yupo siku zote. Machi ikifika mwisho, upepo utalegea, jasho litakaa mgongoni lisikauke, na mawingu ya masika yataanza kupanga safu baharini. Atakuwa amenona, shingo haionekani. Usiku mmoja ulio na nyota atapanda juu ya mkunazi, atazame, aondoke. Nitakwenda na ndoo yangu alfajiri, nisimame kama kawaida, na nitamsikia shore peke yake, juu ya mpapai, ameshaanza kudonoa.